Spika Zirudishwe Juu ya Kabati

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Video za Harusi,
Salatiga.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na masikio yako yakiwa bado hayajaguswa na fundi yeyote.

Mimi ni Sasongko, mwenye studio ndogo iliyo nyuma ya nyumba yangu, katika chumba kilichokuwa stoo ya mama mkwe. Wewe mwenyewe umeshakunywa kahawa humo, ukasifu. Naandika kwa heshima zote kulalamikia msaada ambao chama chako kilinipa.

Utakumbuka kwamba katika mkutano wetu mkuu niliinua mkono nikasema kuwa video zangu zikichezwa majumbani kwa wateja, sauti inatoka tofauti na ninavyoisikia mimi wakati wa kuhariri. Nilisema hivyo ili nami nionekane nimechangia mada. Wewe ukachukulia ni ombi, ukaniletea Bibi Kinasih, fundi wa sauti aliyestaafu redioni, anipangie chumba ili nisikie kile hasa kilichorekodiwa. Amekuja, amepanga, ameondoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Spika zangu zilikaa juu ya kabati, moja ikitazama dirisha, nyingine ikitazama kalenda ya wauza mbolea. Hazikumsumbua mtu. Bibi Kinasih alizitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. Akazishusha, akazisimamisha kwenye stendi usawa wa masikio yangu, mbali na ukuta na mbali na kona. Akachukua kamba, akapima kutoka spika hadi spika, kisha kutoka kila spika hadi kichwa changu, mpaka pande zote tatu zikalingana. Mwisho akabandika utepe mwekundu sakafuni kuzunguka kiti.

"Hapa ndipo unapokaa," aliniambia. "Ukisogea, utasikia mambo mengine."

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu, na sasa siruhusiwi kuegemea. Mteja akija inanibidi nimpishe kiti nisimame mlangoni, maana ndani ya utepe hatoshi mtu wa pili. Dada Prabandari, mhariri mwenzangu, anakipenda kiti hicho kupita kiasi. Anasema sasa ndiyo anajua anachokata. Sijui miaka yote hii alikuwa anakata nini, wala sikumuuliza, kwa sababu ningeulizwa na mimi.

2. Godoro. Bibi Kinasih alipiga kofi moja katikati ya chumba, akasikiliza, akasema kuta zangu zinajibu. Akataka kitu kinene na laini kitundikwe kushoto na kulia, pale sauti inapogonga kabla ya kurudi sikioni. Nikamwambia sina. Akachungulia chumba cha pili akaona godoro la sufi la baba mkwe wangu, Mzee Tarmuji, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Aliporudi alilikuta limekatwa vipande viwili na kuwambwa ukutani.

Mke wangu hakupaza sauti. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema polepole, "Baba yangu analala mkekani, ukuta wako unalalia godoro."

Tangu hapo Mzee Tarmuji huingia studio kila alasiri, akaegemea ukuta wa kushoto na kusinzia wima, kwa madai kwamba anatumia mali yake. Nilipompigia simu Bibi Kinasih kumshtakia, alisema tumwache, kwa kuwa mwili wa mtu nao hunywa mwangwi.

3. Besi. Chini ya meza yangu palikuwa na spika kubwa ya besi, niliyoipata kwa jamaa aliyefunga ukumbi wake wa karaoke. Ikilia, vikombe vinacheza na mteja anashika kifua na kusema hii sasa ni sinema. Bibi Kinasih aliichomoa waya. Alieleza kwamba chumba kidogo hujiongezea besi chenyewe kwenye kona. Kwa hiyo nilikuwa nasikia besi ya chumba, nadhani ni ya video, naipunguza kwenye video, ndiyo maana mteja akifika kwake inamtokea kama mbu ndani ya kopo. Nilimsikia na nilimwelewa. Kumwelewa ndiko ninakolalamikia.

Baada ya yeye kuondoka nilicheza ile harusi ya binti wa mkuu wa tarafa, kazi ninayowaonyesha wateja wapya kama mfano wa ubora. Hotuba ya mkuu wa tarafa kuhusu uaminifu inasikika kama inatoka ndani ya ndoo. Nyuma yake, bila kupotea neno, wapishi wanabishana ni nani kaficha mapaja ya kuku. Wapishi wanasikika vizuri kuliko mkuu wa tarafa, na hoja zao zina mashiko zaidi. Sasa sina kazi ya kumwonyesha mteja.

4. Minong'ono. Hili ni zito, naomba ulisome ukiwa umeketi. Katika kazi yetu sisi sote, wewe ukiwa wa kwanza, sungkem ni mahali pa fidla. Maharusi wanapiga magoti, wanaweka paji la uso kwenye magoti ya wazazi kuomba radhi, midomo inacheza, machozi yanatoka, nasi tunamwaga fidla juu yake mpaka shangazi wote wanalia. Yanayosemwa pale huingia kwenye maikrofoni ndogo tunazowabandika maharusi kifuani, lakini hayajawahi kutuhusu.

Sasa tunayasikia. Bi harusi mmoja aliyelia kuliko wote niliowahi kuwapiga video alikuwa anamwambia mama mkwe kwamba kiatu kinambana na amsaidie kusimama. Mama mmoja, akimbariki mwanawe kwa mkono mtulivu kichwani, alikuwa anamkumbusha kuwa ile nyumba bado iko kwa jina lake. Baba mwingine aliuliza tu kama kamera imeshapita. Dada Prabandari alisikiliza harusi tatu za namna hii, akageuza kiti akaniambia, "Kaka Sasongko, kumbe tulikuwa tunaziba watu midomo." Nikamjibu kwamba mteja hutulipa kwa kazi hiyo hiyo.

5. Mambo ya Bwana Wignyo. Huyu ni yule mwenye kinu cha mpunga kule njia ya Ambarawa. Mashine zimemla masikio, na hataki kuvaa kile kifaa cha kusaidia kusikia, anasema ni cha wazee. Mtu akimsemesha jambo asilolisikia, yeye hujibu amina. Ni mjane, na mtoto wake ni mmoja, Lintang, aliyekuwa amebakiza mwaka wa mwisho wa masomo ya ukunga. Tulimpiga video akiolewa na Hanggoro, kijana mwenye adabu, mwana wa Bibi Suwarsih anayeuza vitambaa Balikpapan. Harusi ilikwenda vizuri, ngoma na magongo ya gamelan yalilia, na baada ya siku chache Lintang akapandishwa ndege kwenda ukweni.

Bwana Wignyo akaja kuitazama video kabla hatujaimaliza. Nikampisha kiti chenye utepe. Ilipofika sungkem, Dada Prabandari alikuwa bado hajaweka fidla. Nilimkonyeza aipitishe haraka. Hakunitazama.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzee hasikii lori likipiga honi nyuma yake. Lakini spika zimemwelekea masikioni, kuta zimevishwa godoro, hakuna mwangwi wa kumvurugia maneno, na Dada Prabandari alikuwa ameipandisha sauti kwa ajili yake. Lintang alikuwa ameinama kwenye goti la baba yake, na tukamsikia sote.

"Baba, wanataka nikifika Balikpapan niache ukunga. Mimi sijakubali. Nisemee."

Na mkono wa baba ukampapasa kichwa. "Amina, mwanangu. Amina."

Pembeni yake, kwenye picha, Bibi Suwarsih aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa amelisikia ombi, na jibu la baba mtu akalichukua kuwa hukumu.

Bwana Wignyo alisema, "Rudisha." Tukarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu hakutazama kioo, alitazama mikono yake.

"Nilimjibu nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ulisema amina, Mzee," Dada Prabandari alimwambia, mdomo karibu na sikio lake.

 Kisha akasema, "Watu wakinisemesha nasema amina. Mji mzima unadhani mimi ni mcha Mungu."

Akaomba simu. Akampigia Bibi Suwarsih palepale, ndani ya utepe, kwa sauti ile ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, hata Mzee Tarmuji akashtuka ukutani. Alimwambia kwamba amina yake haikuwa ruhusa, kwamba siku ile hakusikia, na sasa amesikia. Halafu akampa Dada Prabandari simu amsikilizie majibu. Ikawa yule mama anasema kule, Dada Prabandari anamrudishia mzee neno kwa neno: kwamba mke ni wa kwao mume, kwamba wameshaandikia chuo barua ya kuacha, kwamba baba mtu alibariki mbele ya wageni wote. Bwana Wignyo akamwambia, "Mwambie nilibariki ndoa. Sikubariki ujinga." Dada Prabandari alimfikishia bila kupunguza. Nilitamani sana fidla.

Baadaye tulisikia kuwa Hanggoro alikuwa pale pale karibu na simu ya mama yake. Hakuwa ameambiwa chochote. Alidhani mkewe amechoka na masomo, kwa kuwa ndivyo alivyoelezwa. Alimfuata Lintang chumbani, wakazungumza, na wiki hiyo hiyo wakarudi wote wawili. Chuo kilimpokea baada ya baba yake kwenda kukaa ofisini kwa mkuu wa chuo na kukataa kusikia neno hapana, jambo ambalo kwake halina ugumu. Leo Lintang yuko wodini anafanya mazoezi, na Hanggoro yuko kinuni kwa mkwewe, kila jioni anarudi mweupe kwa pumba. Wanaonekana wana furaha. Furaha hiyo sikuirekodi, na hakuna aliyeniagiza niirekodi.

6. Matokeo kwa biashara. Bibi Suwarsih amenitumia ujumbe kwamba kwao Balikpapan wapiga video wana adabu, hawasikilizi. Habari imeenea mjini. Jumapili iliyopita mama wa bwana harusi aliziba maikrofoni ya mwanawe kwa kiganja mwanzo hadi mwisho, na kwenye video anaonekana kama anazuia damu. Mabibi harusi, kwa upande wao, wananiuliza kama mimi ndiye yule anayesikika vizuri, halafu wananong'ona kwa kituo, kama wanasoma taarifa ya habari. Wateja wa zamani wanakuja kuomba sungkem zao zifunguliwe, fidla itolewe. Mmoja alisikiliza, akacheka, akaondoka. Mwingine alisikiliza, akaomba maji ya kunywa. Mkuu wa tarafa sasa anatutaka tumpe hotuba zake kwanza azikague, na ametuuliza, kwa njia ya msaidizi wake, kama wapishi wanaweza kufutwa.

Kwa hayo yote, naomba chama kitoe uamuzi ufuatao. Spika zangu zirudishwe juu ya kabati na moja itazame dirisha. Godoro lishonwe na lirudishwe kwa mwenyewe. Utepe ubanduliwe. Sungkem isikilizwe kwa besi tu, katika studio zote za mji wetu, ili pasiwe na mwanachama anayesikia zaidi ya mwenzake. Na Bibi Kinasih azuiwe kupiga kofi katika chumba cha mwanachama yeyote bila idhini ya maandishi. Watu wameoana hapa Salatiga tangu enzi za babu zetu bila kusikilizana, na ndoa zilidumu.

Msalimie sana mama watoto, umsalimie na katibu, ambaye ananidai jibu la barua nyingine. Wasalimie wanachama wote, hasa wale ambao spika zao bado ziko juu ya makabati. Mke wangu anasalimu pia, ingawa amesema nisiandike kuwa anakubaliana nami.

Nabaki mtiifu kwa chama, nikiwa nimekaa wima,

Sasongko

N.B. Nilitaka kuifunga bahasha, nikakumbuka jambo. Binti yangu Utari anaolewa baada ya Idi. Utari si msemaji. Tangu utotoni akitaka kitu hukisema chini chini, mara moja tu, kisha anageuka na kwenda zake, na mimi mara nyingi huwa nimeshughulika na jambo jingine. Siku ile gamelan itakuwa karibu, wageni watakuwa wengi, nami nitakuwa nalia. Tafadhali mwombe Bibi Kinasih aje mapema na maikrofoni iliyo bora kuliko zote alizonazo, aibandike karibu kabisa na mdomo wa mwanangu. Tena sitaki kusubiri kusikiliza studio wakati ameshaondoka. Aniletee na vipokea sauti vya masikioni. Nitavivaa pale pale kitini, juu ya kilemba changu, mbele ya mkuu wa tarafa na watu wote.