Uzinduzi wa Nyumba ya Mbao ya Mtaa wa Wahunzi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, uliyebaki ndani ya gari kwa sababu ya baridi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la mji wetu wa Staroluzhsk. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Urithi, wa Kamati Ndogo ya Urithi, na wa Kamati ya Kuratibu Kamati Hizo. Baba Feofan na maji yako ya baraka. Bendi ya zimamoto. Walimu mlioletwa kwa mabasi. Mabibi na mabwana. Mimi, Gennady Stepanovich Khrapov, Naibu Mkuu wa Utawala anayeshughulikia Mandhari na Mwonekano, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu. (Makofi. Walimu wamevaa glavu nene, hayasikiki.)

Kama mnavyofahamu, nyumba hii yenye umri wa miaka mia moja na arobaini ilikuwa imelalia ubavu, na mkazi wake wa mwisho, mama yetu Zinaida Pavlovna, alikuwa akikinga mvua kwa mabeseni, ndipo ofisi yangu, kwa kuona mbali, ikamhamishia bwenini kwa muda na kumwita mwana wa mji huu, msanifu majengo na msanii Veniamin Ilyich Lozhkin, ambaye ujana wake wote alichora majumba yasiyojengwa popote hadi Wajapani wakampa tuzo, na uzeeni akafuma mnara wa matawi na nyasi kavu kule malishoni, ng'ombe wakaula. (Kicheko. Lozhkin, mstari wa mbele, hacheki.) Huyu ndiye aliyepanda ngazi majira mawili ya baridi, akapima madirisha yote thelathini na moja, akachora kila ua na kila ndege aliyechongwa kwenye fremu zake, ili nyumba irudishwe kama ilivyokuwa.

Na leo, kupitia Mpango Mkakati Jumuishi wa Uhuishaji Endelevu wa Mwonekano, utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hizo nne zimetoka wapi?") Zimetoka kwenye tathmini, ndugu, na tathmini haiulizwi maswali. Itazameni! Rangi ya samawati, nakshi nyeupe, mapazia, hata paka dirishani! (Makofi. Ukuta unajaa upepo, kisha unanywea.)

(Zinaida Pavlovna, ufunguo mkononi: "Gennady, mwanangu, mlango gani huu? Nimebisha, mkono umezama!")

Mlango uko katika awamu ya pili, mama. Usibishe tena, utafumua mishono.

("Na nyumba yangu je?")

Mbao za awali, baada ya kuonekana hazilingani na mchoro, ziliondolewa kitaalamu kwa trekta. (Minong'ono. Baba Feofan anashusha msalaba.)

(Lozhkin: "Mchoro nilikupa ujengee nyumba, siyo uuchape kwenye turubai!")

Veniamin Ilyich, punguza jazba. Umepata sifa kwa majumba ya karatasi. Serikali imekupandisha hadi kwenye turubai, tena lisilopitisha maji, bado unanung'unika? Wasanii hamshukuru hata mpewe nini.

("Nilichora kwenye karatasi kwa sababu watu kama wewe hamkuniacha nijenge! Hii moja tu niliomba. Moja!" Mpiga tarumbeta anavua kofia.)

Hisia hizo zitaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mwonekano kwanza! (Wajumbe: "Kwanza!") Staroluzhsk mbele! (Walimu, baada ya kutazamwa: "Mbele.")

Kwa kuhitimisha, nawashukuru mafundi wa kiwanda cha mahema. Namshukuru dereva wa trekta aliyemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Namshukuru mpiga picha wa gazeti aliyesimama upande unaotakiwa. Na kwa dhati kabisa nakushukuru wewe, mama Zinaida Pavlovna, kwa kurejea kwako nyumbani, kwani tangu saa nne asubuhi ya leo umesajiliwa rasmi kuwa mkazi wa nyumba hii, jina lako limefutwa kwenye orodha ya wanaosubiri makazi, na kitanda chako cha bwenini amepewa mtu mwenye shida. Karibu ndani, mama. Bendi!