Mhuri wa Yai

Alhamisi, 6 Machi 2014

Mkutano wa tawi la chama, chumba cha nyuma cha maktaba. Waliohudhuria: watano, pamoja na mimi katibu. Ajenda: haki za Warusi wa Ukraine. Kilichozungumzwa: miche ya nyanya. Zinaida Pavlovna, makamu wangu, kaipanga yake dirishani chini ya bendera ya chama, kisha kaniuliza mbele za watu yangu imeuawa na nini. Mjane huyu ananionea. Pia ndiye sababu ya mimi kuchana nywele siku za Alhamisi. Hilo libaki humu.

Makao makuu ya mkoa wanataka kumbukumbu za mikutano. Tawi lililolala litafungwa, chumba kirudi maktaba. Alhamisi zangu zitakuwa nini? Ukuta na redio.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeziandika. Watano hawapendezi kwenye karatasi, nikaweka arobaini na saba. Nyanya nazo hazina siasa, basi nikampa Zinaida Pavlovna hotuba: kwamba Warusi hawataomba tena, watachukua, hata kwa ngumi. Makofi marefu. Sidhani kuna mwanamume aliyewahi kumwandikia kitu kizuri hivyo.

Mhuri hatuna. Mkoa wanatuahidi tangu mwaka juzi, na bila mhuri wa duara karatasi kwetu ni ya kufungia samaki. Lakini mimi nimekuwa karani wa kiwanda cha mabomba miaka thelathini. Chemsha yai, limenye lingali moto, libingirishe juu ya mhuri wa barua ya zamani ya chama, kisha juu ya karatasi yako. Umetoka vizuri, hafifu kidogo tu. Ushahidi nimeula kwa chumvi.

Jumatatu, 31 Machi

Ushindi! Mwenyekiti wa mkoa, Gleb Arsenyevich, kanipigia simu mwenyewe. Tawi letu ni hai kuliko yote. Hotuba ya "yule mama shujaa" kaisoma kwenye televisheni ya mkoa, na watu wanajiunga. Mimi nitakuwa jina la tatu kwenye orodha ya wagombea wa halmashauri. Mimi!

Tangu hapo nimeandika mikutano mingine mitatu. Wanachama mia mbili na kumi. Mayai yamekwisha.

Zinaida Pavlovna hana televisheni, Mungu ashukuriwe.

Jumatano, 16 Aprili

Serikali imekipeleka chama mahakamani kipigwe marufuku. Ushahidi mkuu: kumbukumbu za tawi letu. Watu wa usalama walimweka Zinaida Pavlovna kutwa nzima, wakimuuliza hao wenye ngumi amewaficha wapi. Mwanawe Kostya ni askari wa jeshi la serikali hiyo hiyo. Amenyang'anywa bunduki, sasa anamenya viazi akingoja kuhojiwa.

Zinaida Pavlovna kaja kwangu, kakataa kuketi. Kasema njia ya mwongo ni fupi, Arkadi Semyonovich, ila yako imepita juu ya mwanangu. Kasema yeye hata paka hajawahi kumfokea. Ombi lake moja: nisimame mahakamani niseme kweli, kwamba hotuba nimetunga na mhuri ni yai. Karatasi zitatupwa, Kostya atapona, na Alhamisi tutakunywa chai kama kawaida. Alilia. Nikaapa. Kwa bahati nilikuwa nimechana nywele.

Jumanne, 20 Mei

Nilisimama na kweli yangu mdomoni, tayari kabisa. Gleb Arsenyevich alikuwa safu ya mbele. Nikamsikia akimwambia jirani yake kuwa huyu ndiye katibu wa tawi kubwa. Nikanyoosha kola.

Jaji akainua karatasi. Akauliza mbona mhuri huu ni hafifu, isije ikawa kuna mtu ameughushi, tena kwa kazi ya ovyo. Mlango kanifungulia mwenyewe. Nilitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Lakini kazi ya ovyo? Miaka thelathini ya ukarani! Nikajibu kuwa mhuri ni halali, nimeupiga kwa mkono wangu, na waliohudhuria nimewahesabu mara mbili.

Chama kilipigwa marufuku kabla ya chakula cha mchana. Gleb Arsenyevich kawaambia waandishi wa habari kuwa hanijui. Zinaida Pavlovna alikuwa safu ya nyuma, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 29 Mei

Maktaba wamechukua chumba chao. Kostya amefukuzwa jeshini. Zinaida Pavlovna amehama naye kwenda kwa dada yake, mbali, na hakuna anayetaka kuniambia ni wapi. Miche yote kaniachia mlangoni, bila barua. Nadhani hakutaka ife tu. Nimeipanga dirishani jikoni nikalia, na redio haikunisaidia kitu.

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa siasa. Nyanya zinahitaji chombo cha kuzitetea, kisicho na siasa hata chembe. Leo umeanzishwa Umoja wa Wapanda Nyanya. Mkutano wa kwanza umefanyika hapa jikoni. Waliohudhuria: arobaini na sita. Zinaida Pavlovna amechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Katika hotuba yake amesema amemsamehe katibu, na kwamba Alhamisi ijayo atakuja mapema. Makofi marefu.

Yai linachemka.