Kopo la Mama Halikujaa

Nimeadhirika leo, jamani. Tena nimeadhirika kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya benchi zima la wagonjwa, na hasira bado hazijanitoka.

Mama yangu anakaa Maparoni, kule delta, ila siku za vipimo hulala kwangu hapa Kibiti. Ana sukari, mwaka wa sita huu. Tangu ije ruksa ya watu kufungua zahanati zao, imefunguliwa moja hapa nyuma ya soko, na wana vijiti vya kuchovya kwenye mkojo vinavyonasa protini hata ikiwa kidogo namna gani. Daktari alinieleza vizuri: figo za mgonjwa wa sukari huanza kuvujisha protini kimyakimya, miaka mingi kabla ya miguu kuvimba. Miezi mitatu iliyopita protini ya mama ilionekana kidogo. Leo ilikuwa kuangalia kama imeongezeka. Ikiongezeka, anaanza dawa na safari za Dar. Isipoongezeka, anarudi kwake kuamia ndege kwenye mpunga. Marehemu baba aliondoka kwa ugonjwa huohuo, alivimba mpaka viatu vikamkataa. Kwa hiyo msinione nina kisirani bure.

Jana daktari kanipa kopo la plastiki lenye mfuniko. "Mkojo wa kwanza wa asubuhi," akasema. Akaendelea na maneno mengine, mimi nishatoka. (Robota la mitumba lilikuwa linanisubiri. Mjinga mimi.)

Asubuhi mama akatoka chooni, kopo kalificha kwenye pindo la kanga. Nikachungulia. Halijafika hata nusu! Nikawaka.

"Mama, ndiyo nini hii? Kopo la watu unalirudisha nusu? Si wewe uliyenifundisha chombo cha mtu hakirudi kitupu?"

"Ndiyo yaliyotoka, mwanangu."

"Wataona tunawadharau!"

Mama akachukua kopo lake, akarudi uani. Nikaenda kutafuta kandambili zangu, na nilipogeuka kopo limejaa mpaka shingoni. Nikafurahi. (Sikuuliza. Niulize nini?)

Zahanati tukakuta benchi limejaa watu wa Mtawanya na Ruaruke. Binti wa maabara akamtoboa mama kidole, akachukua kopo, akaingia ndani. Akatoka na kijiti mkononi.

"Protini haionekani kabisa."

Weee! Niliruka. Nikampa mkono kila mtu benchini, hata kitoto kilichobebwa mgongoni. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti ya mwadhini. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Ila kaka, sijamaliza," akasema yule binti. "Sukari ya kwenye damu iko juu sana, ya kwenye mkojo haipo. Na mkojo wenyewe hauna rangi, tena ni wa baridi. Naomba mama arudie."

Hapo mashetani yakanipanda. "Arudie nini? Mtu akipona inawauma? Mnataka mama yangu augue ili mpate wa kumuuzia dawa!"

Mzee mmoja benchini akadakia, "Kweli kabisa, hawa wa binafsi hawa!" Nikapata nguvu. Nikamwita binti wa watu tapeli. Nikasema vifaa vyao vyote mitumba. (Mimi, muuza mitumba!)

Mama akanivuta shati. "Sudi, nyamaza."

"Sinyamazi! Leo watanitambua!"

"Nyamaza, nakwambia. Nimetia maji."

"Maji gani?"

"Ya mtungini. Si wewe uliyesema nusu ni aibu? Nikajaza." Kisha akamgeukia binti kwa upole. "Lakini usihofu mwanangu, ni ya kunywa. Nimeyachemsha mwenyewe."

Benchi likaangua kicheko. Yule mzee aliyeniunga mkono ndiye aliyecheka mpaka kofia ikamdondoka. (Msaliti!) Binti hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinipa kopo jingine, akasema tu, "Jana daktari alikwambia kiasi chochote kinatosha, kaka." Nikaomba radhi huku naangalia sakafu.

Njiani nikaendelea kufoka. Nalifokea jua, nalifokea kopo, mwisho nikamfokea mama: kwa nini hakuniambia mapema?

Mama akasimama katikati ya njia. "Ungesikia saa ngapi? Tangu baba yako afe, wewe ukiogopa unapiga makelele. Mie nataka kujua, Sudi. Kama figo zinaharibika, maji ya mtungi hayatazitengeneza."

Naogopa kweli, jamani. Naogopa kuliko yeye.

Kesho asubuhi tunarudi. Kopo jipya liko kwa mama, na amenipiga marufuku kulisogelea. Kumbe kuna chombo ambacho heshima yake ni kukirudisha nusu. Msinicheke. Mwombeeni mama.