Baiskeli Nyepesi Kuliko Zote

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Magoti yamegoma tena. Mifuko thelathini ya saruji, kutoka kwenye lori hadi ukuta mpya wa hoteli, na njia yote ni kupanda. Shemeji, kaka wa mke wangu, kabeba ishirini na miwili tu, tena akiimba. Na mimi ndiye niliyemleta huku ugenini! Nimemwombea kazi, nimempa nusu ya chumba, sasa anakoroma kuliko mwenye chumba.

Habari kubwa: Mama Funguo, mwenye stoo ya baiskeli za wageni, anastaafu. Kazi ya kukaa! Mle ndani kuna jiko la kuni na kiti chenye mto. Nyapara katangaza kwamba anayeitaka kazi ajichagulie baiskeli mle stoo, Jumamosi apande na kile kibanda cha wageni kinachovutwa kwa waya hadi kileleni, ateremke nayo hadi darajani. Asiyeweza kujichagulia baiskeli ya kuteremkia mlima, kasema, hawezi kumchagulia mgeni.

Nikanyoosha mkono. Nikageuka. Shemeji naye kanyoosha! Hana hata haya.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeingia stoo saa ya chakula. Baiskeli arobaini. Mwingine angetazama rangi. Mimi nimezinyanyua, moja baada ya nyingine. Shule niliiacha darasa la sita, lakini miaka kumi na mmoja ya kubeba imenifundisha jambo moja: kitu kizuri ni kitu chepesi.

Nimeipata yangu pembeni. Nyembamba, tairi kama mkanda wa suruali, haina springi hata moja. Inanyanyuka kwa vidole viwili! Mama Funguo kaniuliza kama nimetumwa sokoni. Wivu huo. Nimeificha nyuma ya masanduku.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo nimetumia akili. Shemeji kaja kuniuliza achague ipi. Kuna dubwana moja mle, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Springi mbele, springi nyuma, tairi nene kama mkono wangu. Mbili za namna hiyo zingemuua punda. Nikamwambia kwa upole, shemeji yangu, hiyo ndiyo yenyewe.

Kauliza mbona siichukui mimi. Nikamjibu kwamba dada yake asingenisamehe nikimnyima kaka yake kitu kizuri. Machozi yakamlenga. Nilikaribia kuona aibu. Ikapita.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemalizia kazi. Nimemshauri Shemeji ashushe kiti mpaka chini kabisa, na apunguze upepo kwenye tairi. Kafanya yote, kama mtoto. Lo! Mtu anasukuma toroli mwaka mzima na hajui kwamba tairi likilegea anakufa yeye! Langu nimelijaza mpaka ukiligonga linalia kama kengele. Kiti nimekipandisha hadi mwisho. Nitaliona daraja kabla sijaondoka.

Mke wangu kapiga simu. Kaka yake kamweleza wema wangu. Kasema leo ndiyo kajua kwamba aliolewa na mtu. Kisha kauliza magoti. Nikamwambia Jumatatu yanapumzika.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Dhuluma! Naandika nimesimama, maana kukaa siwezi.

Kule kileleni watu walipoiona baiskeli yangu walinyamaza. Nikadhani ni heshima. Nyapara akapuliza kipenga, nikatangulia. Hatua mia nzima nilikuwa mbele! Kisha mawe yakaanza. Tairi likawa linaruka juu ya kila jiwe kama mbuzi. Kiti kikanipiga mahali nisipoweza kupaandika hata humu. Kwenye kona ya pili mimi na baiskeli tukaachana. Tairi likapasuka kwa mshindo, wenzangu kule ukutani wakalala chini wakidhani ni bunduki.

Shemeji akanipita taratibu, ng'ombe wake akinesanesa. Akaniuliza kama nimeumia. Kejeli! Akasimama kabisa. Nikamfukuza.

Nikaitia baiskeli begani nikateremka kwa miguu, saa nzima na nusu. Na hapo ndipo nilipothibitisha kwamba nilichagua vizuri: sijawahi kubeba baiskeli nyepesi namna ile! Nimefika darajani bega halina hata alama. Hakuna aliyeliona hilo. Hata mmoja!

Shemeji alikuwa anakunywa chai, hana mkwaruzo. Mama Funguo kamkabidhi funguo mbele ya watu wote. Eti springi humeza mawe, eti tairi lililolegea hushika njia, eti kiti cha chini humzuia mtu asipinduke. Maneno ya mtu anayestaafu. Kisha Shemeji kahutubia. Kasema yote kachaguliwa na shemeji yake. Wakanipigia makofi! Nikamwuliza Nyapara, kama mchaguzi ni mimi, mbona kazi kapewa huyu? Akalitazama tairi linaloning'inia begani kwangu, akasema ana haraka.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimelala kifudifudi kutwa. Nimewaza. Shemeji kabahatisha. Na mlima ulikuwa na mawe mengi mno. Nani kayaweka?

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mifuko thelathini na miwili. Saa ya chakula Shemeji kaniita stoo. Kanipa kile kiti chenye mto, kanikanda magoti kwa maji ya moto. Kujionyesha tu.

Kisha kaniambia Jumamosi wanakuja wageni ishirini kuteremka mlima, na bila mimi hajui aziandae vipi baiskeli. Kafungua daftari! Nikamwambia kila kibaya ninachokijua: shusha viti vyote, legeza tairi zote, wape zile nzito zenye springi. Kaandika mpaka nukta ya mwisho. Kashukuru.

Kwisha habari yake. Wageni watamlalamikia, atafukuzwa, Nyapara atatangaza mashindano mengine. Mimi niko tayari. Tairi nimeziba. Baiskeli nimeipunguzia uzito zaidi, nimetoa breki ya nyuma.

Sasa inanyanyuka kwa kidole kimoja!