Kilima cha Marehemu Abeid

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wazo limenijia kazini steshenari, nikitoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Nitamwoa Safina kwa msaada wa asteroidi.

Maelezo, nisije nikajichanganya mwenyewe. Asteroidi ni jiwe kubwa linalozunguka jua. Chombo cha anga kimelipiga picha kwa karibu, na mimi Asadi wa Magomeni ni mmoja wa watu wa kujitolea wanaotia alama kwenye picha hizo kwa kompyuta. Hapa shimo, hapa jabali, hapa ufa. Kazi yangu kuhesabu. Kutoa majina si kazi yangu. Lakini Bi Somoe, mama yake Safina, ataijuaje tofauti?

Bi Somoe hanitaki. Anamtaka Muzamil, mwalimu wa fizikia, mtoto wa shangazi yake Safina. Jumamosi ni hitima ya marehemu mumewe, Mzee Abeid. Nitampa marehemu shimo lenye jina lake huko juu. Muzamil atatoa nini cha kushinda hilo?

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda Ufukoni, kwa kina Safina, na picha. Shimo zuri, duara safi, upana wa uwanja wa mpira. Nikasema litaitwa Abeid. Bi Somoe akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Shimo?" akasema. "Mume wangu nimeshamtia shimoni mara moja, baba. Inatosha."

Nikasema haraka kwamba hilo ni la mfano tu, chake hasa ni kilima. Kilima kipi, sijui. Akasema nikilete Jumamosi, ndugu wote watakuwepo, hadi wa Mpapura. Safina alinisindikiza mlangoni, akauliza kama nina uhakika. Nikasema kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili natafuta kilima. Jiwe hili halina vilima. Lina kokoto, lina majabali, lina mashimo juu ya mashimo, kama uso wa aliyeugua ndui. Francisca, mwenye steshenari, kaniuliza kwa nini foleni ya wateja imefika barabarani. Nikamweleza yote. Akasema nenda kwa mama wa watu ukakiri mapema, kabla pilau halijapikwa. Wazee wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita, na mabegi mawili tu. Hana subira na mtu anayejitafutia taabu.

Saa tisa alasiri, picha ya mia mbili na kumi na mbili. Kilima! Kimevimba kama andazi. Nimekichapisha kwa rangi, karatasi kubwa ya kung'aa. Chini nimeandika KILIMA ABEID.

Ijumaa, 18 Julai

Muzamil kaja, eti kutoa kopi za mitihani. Kaiona picha ukutani. Akainamisha shingo upande huu, kisha upande ule, kama kuku aliyeona mdudu. Akauliza jua lilikuwa upande gani picha ilipopigwa. Nikamwambia juu, jua huwa juu. Akatabasamu, akaondoka. Sikulipenda tabasamu lile. Msikitini hotuba sikusikia hata neno.

Jumamosi, 19 Julai

Baada ya kisomo Bi Somoe akaniita mbele. Nikainua picha. Mjomba mmoja wa Mpapura akasema ni kichwa cha Abeid kile kile. Watu wakafuta machozi. Nilishajiona nimevaa joho la bwana harusi.

Muzamil akasimama. Akaiomba picha kwa adabu. Akasema jicho la mtu limezoea mwanga utokao juu, lakini tazameni, vivuli vya mawe haya vinalala kuelekea juu. Basi jua liko chini, na jicho linadanganyika. Akaigeuza juu chini.

Kilima kikazama. Mbele ya macho ya watu arobaini, kikawa shimo. Nikautazama mlango. Umezibwa na masufuria.

Bi Somoe akaichukua picha. Akaigeuza: kilima. Akaigeuza tena: shimo. Kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Visima thelathini na kimoja kachimba Abeid mji huu," akasema. "Kilima angekifanyia nini? Lile la juzi lilikuwa kaburi. Hiki ni kisima. Mpeni mtu kisima chake."

Mchimba visima! Miezi kumi naingia nyumba hii, sikuwahi kuuliza marehemu alifanya kazi gani. Nimepewa mnofu mara mbili. Muzamil kapewa ukoko.

Jumapili, 20 Julai

Safina kapiga simu. Kasoma mtandaoni. Majina hutolewa na kamati ya wanasayansi. Sisi wa kujitolea tunahesabu mawe. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama jana alilala anatabasamu," akasema. "Mwambie mwenyewe, kesho. Ukimwambia, niko upande wako. Usipomwambia, usirudi kwetu."

Nimeapa. Kwa dhati kabisa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, watu wakadhani naongea na simu. Bi Somoe alikuwa anachambua mchele na jirani yake, Bi Warda. Safina akasimama mlangoni na sinia la chai, akanitikisia kichwa nianze.

Nikasema, mama, kuhusu kile kisima.

Bi Warda akadakia. Kumbe habari imeshazagaa. Mumewe, Mzee Jafari, yu hai bado. Je, naye hawezi kupata chochote huko juu, akione kwa macho yake kabla hajafa?

Wote wakanitazama. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, wallahi.

Lakini kosa ni funzo. Mara hii nikauliza kwanza mzee anafanya kazi gani. Anavuna chumvi. Nikamwambia basi asteroidi haimfai, kinachomfaa ni mwezi. Upo mmoja unazunguka sayari ya mbali, mweupe wote, barafu tupu, una nyufa ndefu kama mifereji ya mashamba ya chumvi. Nyufa ziko nyingi. Achague mwenyewe.

Safina akageuka na sinia lake, akarudi ndani. Nimekaa pale saa nzima, chai sikuiona.

Nadhani alikwenda kuongeza sukari.