Sehemu ya Mauzo

Siku Dokta Eric, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Mzumbe, alipoirudisha rafuni sabuni ya shilingi elfu moja na kuchukua ya elfu mbili kwa sababu tu karatasi yake ilikuwa na utepe mwekundu, nyuma yake kwenye foleni alisimama Stambuli, ameshika kiberiti kimoja.

"Shikamoo Dokta. Hiyo inatoa povu zaidi?"

"Marahaba. Povu ni lilelile. Ila ukinunua hii, kuna hela inakwenda kwa wenye UKIMWI."

"Hela ngapi?"

Dokta akaigeuza sabuni pande zote. "Haijaandikwa."

"Inakwenda kwa nani hasa?"

"Kwa wahusika. Bwana mdogo, mimi nanunua sabuni, sifanyi ukaguzi."

Ni vizuri msomaji ajue kwamba Dokta Eric anafundisha ukaguzi wa mahesabu. Stambuli alilijua hilo, na ndiyo maana alisahau kulipia kiberiti. Kama mkaguzi mwenyewe hakagui, alijiuliza njia nzima, atakagua nani?

Stambuli alikuwa na fremu ya duka Mwembesongo, Morogoro mjini, mbele ya nyumba ya Mwalimu Magreth, mama mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na ambaye bado huwasahihisha wauza magazeti. Fremu ilikuwa kwenye kona, barabara mbili zinapokutana, na hakuna mtu aliyekwenda sokoni asipite hapo. Kona ilikuwa nzuri kuliko mwenye duka. Alikwisha kuuza hapo sumu ya panya iliyonenepesha panya, na miwani ya kusomea isiyo na nguvu yoyote, ambayo wateja waliisifu sana kwa wiki nzima.

Wiki ileile ya sabuni, mlangoni pake alisimama Mama Hafidha, mwanamke mnene wa makamo kutoka milimani, Matombo, na beseni la mdalasini kichwani.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Sisi ni kikundi. Wanawake tisa na wanaume wawili, sote tunaishi na VVU. Dawa tunapata bure, hilo tunashukuru. Nauli ya kuzifuata ndiyo hatupewi, kwa hiyo tunauza mdalasini. Mdalasini upo, wanunuzi wapo, pa kuuzia ndipo hapapo. Kila kona tukitua tunaambiwa tumeziba mlango wa mtu. Huna sehemu tukae, hata pembeni?"

"Shangazi," alisema Stambuli kwa upole wa mtu anayekataa, "mjini sehemu ni mali."

Mama Hafidha aligeuka kuondoka, beseni kichwani. Stambuli alikuwa bado analifikiria neno moja kati ya yote aliyosikia, na halikuwa nauli.

"Umesema VVU?"

"Nimesema."

"Tua beseni, shangazi. Tuzungumze."

Walikubaliana hivi: kikundi kilete mdalasini kwa bei ya kawaida, Stambuli aufunge kwenye pakiti zenye utepe mwekundu, auze kwa bei mara mbili, na mambo yakikaa sawa, kikundi kipate chochote. Stambuli alipenda sana maneno "mambo yakikaa sawa". Katika maisha yake mambo hayakuwahi kukaa sawa kwa tarehe inayojulikana.

Kabla ya kuanza alifanya jaribio, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipanga mafungu mawili ya mdalasini kutoka beseni moja. La kushoto halikuwa na utepe, la kulia lilikuwa nao na bei yake ilikuwa mara mbili. Kufikia adhuhuri fungu la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto lilikuwa na nzi.

Ikabaki maandishi ya pakiti.

"Tuandike asilimia kumi," alishauri Twalibu, rafiki yake aliyeshinda dukani kwa sababu hakuwa na pengine pa kushinda.

"Ukitaja namba, watu wanahesabu."

"Faida yote, basi."

"Sasa hapo nitahesabu mimi, na nitalia."

Mama Hafidha alikuwa akichambua magome ya mdalasini pembeni. Alisema bila kuinua kichwa: "Andika: *Sehemu ya mauzo ni ya wanaoishi na VVU.*"

Stambuli akalionja lile neno. Sehemu. Halikuwa na ukubwa wala tarehe, na halikumfunga mtu yeyote. Hata punje moja ya sukari ni sehemu ya gunia. Alimtazama mama huyu wa milimani kwa heshima mpya. "Shangazi, wewe ungekuwa mjini, ningekuwa nakusalimia kwa miadi."

"Mimi mjini nitakuwa wapi, mwanangu. Sina pa kukaa."

Siku ya uzinduzi alihitajika mtu wa kuonyeshwa. Mama Hafidha alijitolea, Stambuli akampima kwa macho na kusikitika.

"Shangazi, umenenepa mno. Watu watafikiri wewe ndiye mpishi."

"Nameza dawa kila siku kwa saa yake, nalima, nakula. Ulitaka nikonde ili upendeze?"

"Si mimi, ni wateja. Wanataka kumwona mtu anayewahitaji."

Akateuliwa Twalibu, aliyekonda kwa sababu zake binafsi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya duka, amejifunika shuka katika joto la Morogoro, akikohoa kila mteja anapofungua pochi. Mama Hafidha ndiye aliyebeba maboksi.

Biashara ikawaka. Stambuli alizoea kumuuliza kila mteja sababu ya kununua, si kwa wema bali kwa utafiti. Mwenye mgahawa alinunua ili pakiti zikae kaunta, wateja wake wazione. Kijana mmoja aliyetoka kumfukuza ombaomba alinunua mbili, kwa maelezo kwamba yeye hapendi kuwapa watu pesa za bure. Dokta Eric alinunua tano, akazibeba mkononi bila mfuko, utepe umeelekea nje, akakatisha katikati ya wanafunzi wake. Stambuli akafikia hitimisho, nalo lina ukweli kiasi fulani: mtu akitoa sadaka anabaki na pengo mfukoni, lakini akinunua anabaki na pakiti. Chai angekunywa tu. Sasa anainywa akiwa mtu mwema, kwa tofauti ya shilingi elfu moja.

Mteja mmoja tu hakuingia kwenye hesabu hiyo. Mwalimu Magreth alinunua pakiti moja kila Jumamosi, na mdalasini ulimkera kooni.

"Mwalimu, kwa nini unanunua usichokunywa?"

"Kaka yangu Agustino alikufa mwaka tisini na nne. Tulisema ni malaria, na tulivyomzika na malaria yetu hakuna aliyethubutu kutusahihisha. Nipe pakiti, Stambuli, na chenji usiipunguze."

Stambuli aliitoa chenji kamili. Ilimshangaza yeye mwenyewe, akaiweka kwenye gharama za uendeshaji.

Mama Hafidha alipouliza kuhusu kile chochote, alijibiwa kuwa mzunguko haujakamilika. Alipouliza tena, Stambuli alimweleza kwamba amelipa kodi ya fremu ya miezi sita mbele, na kwamba hiyo nayo ni kwa faida ya wote.

"Miezi sita?" aliuliza Mama Hafidha.

"Sita mizima, shangazi. Hapa sihami."

"Umefanya vizuri sana," alisema, akabeba boksi.

Kilichoharibu mpango ni huruma. Wateja walimletea Twalibu uji, mayai, mtori, na mama mmoja wa jirani alimletea kuku kila Ijumaa. Twalibu alikula kama mtu anayetimiza wajibu. Shingo ikajaa, mashavu yakarudi, shuka likawa halimtoshi. Stambuli aliogopa kwamba biashara imekufa, kumbe ilipanda maradufu. Pesa yetu inafanya kazi, walisema wateja. Kisha maneno yakasogea hatua moja, kama kawaida ya maneno: si pesa, ni mdalasini. Mdalasini wa Stambuli unatibu.

Asubuhi moja alikuja dada mmoja, hana mzaha usoni, akanunua pakiti tatu.

"Kaka, mdogo wangu yuko kwenye dawa za hospitali. Akianza huu, zile aache?"

Stambuli alifungua mdomo. Haijulikani alitaka kusema nini, ila aliufungua kama mtu anayetaka kuuza pakiti ya nne.

"Asiache hata kidonge kimoja," alisema Mama Hafidha, akiweka boksi chini. "Mimi ndiye mwenye VVU hapa, mwaka wa kumi na saba sasa. Kilichoniweka hai ni dawa za kliniki. Huu ni mdalasini, unatiwa kwenye chai. Mwambie nimesema mimi."

Dada yule alimtazama, akamtazama Twalibu, akarudisha pakiti zote tatu. Mama Hafidha alijifunga khanga vizuri na kwenda kugonga mlango wa nyuma ya duka, kwa Mwalimu Magreth.

Jioni ile, kwa wito wa Mwalimu, wateja walijaa mbele ya fremu, Dokta Eric akiwa mstari wa mbele. Mwalimu Magreth alikalia kigoda cha Twalibu.

"Stambuli. Unauza mdalasini kama dawa ya UKIMWI?"

"Mwalimu, haki ya nani, hapana. Chukua pakiti usome. Kuna mahali nimeandika dawa?"

"Hakuna."

"Basi mimi nasimamia kilichoandikwa. Uvumi ni wa watu, maandishi ni yangu."

"Neno kwa neno?" aliuliza Mama Hafidha.

"Neno kwa neno, shangazi. Nikitoka nje ya hapo nifungwe."

Mwalimu alivaa miwani, ile aliyouziwa na Stambuli, akaivua, akavaa ya hospitali. "*Sehemu ya mauzo ni ya wanaoishi na VVU.*"

Ndipo Dokta Eric, pengine kwa mara ya kwanza nje ya darasa, akafanya kazi yake.

"Sehemu kiasi gani?"

Stambuli akamgeukia kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Na mpaka leo umeshawapa nini?" aliendelea Dokta.

"Twalibu amepata."

"Nimepata kilo kumi na moja," alikiri Twalibu. "Zote za mwili. Halafu kwa vile kila mtu ananipa pole, nikaenda kupima. Sina."

Mama wa kuku alikaa chini. Mwalimu Magreth akatoa simu kwenye mkoba. "Kituoni kuna askari niliwafundisha insha. Watakuja haraka."

Stambuli aliitazama simu. Kesi ya sadaka iliyoliwa haina faini ndogo, na mjini haisahauliki.

"Subiri kidogo, Mwalimu," alisema Mama Hafidha, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwanawe. "Huenda tunamwonea. Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Sehemu ni fungu, sawa. Lakini si ni mahali pia? Labda mtoto wa watu alimaanisha mahali."

Anayezama haulizi kamba ni ya nani.

"Hasa!" alisema Stambuli. "Asante shangazi. Mahali! Nashangaa wasomi wazima wanakimbilia pesa tu. Nimeandika fungu? Sikuandika. Nimeandika asilimia? Sikuandika. Sehemu ya mauzo, yaani mahali pa mauzo, yaani hapa hapa, kaunta hii, rafu hizi, mlango huu, ndiyo sehemu ya mauzo, na ni ya..."

Aliisikia sentensi yake ilipofika hapo. Maneno yaliyobaki yalikuwa matatu tu, na kila mtu alikuwa ameyashika mkononi, yamechapwa.

"Malizia," alisema Mwalimu Magreth.

"...ya wanaoishi na VVU."

"Kisarufi inakubalika," alisema Mwalimu, akairudisha simu mkobani nusu tu. "Neno kwa neno, ulisema. Mimi kama mwenye nyumba sina pingamizi. Ufunguo."

"Mwalimu, nimelipa miezi sita."

"Asante, mwanangu," alisema Mama Hafidha. Beseni lake lilikuwa tayari juu ya kaunta.

Utepe ukabaki, maandishi yakabadilika: *Tunaishi na VVU. Tunauza mdalasini. Si dawa.* Chini yake bei, na kiasi kinachokwenda kwenye nauli, kwa namba. Mwanzoni mauzo yalishuka kidogo, kwa sababu wapo watu wanaopenda kumsaidia mgonjwa asiyewatazama machoni, na Mama Hafidha hutazama. Baadaye yakatulia. Dada aliyerudisha pakiti tatu alikuja kununua moja, akiwa na mdogo wake. Mwalimu bado anachukua yake kila Jumamosi. Twalibu ameajiriwa kubeba maboksi, na anakonda.

Stambuli alirudi baada ya wiki mbili, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Shikamoo shangazi. Nilifikiri, wazo la utepe lilikuwa langu. Na mimi sina sehemu?"

"Marahaba. Sehemu ipi?"

Stambuli aliitazama kaunta iliyokuwa yake. Sasa aliliogopa lile neno.

"Yoyote."

Mama Hafidha alichota mdalasini, akajaza beseni, akampandishia kichwani kwa mikono yake mwenyewe na kulinyoosha likae vizuri. "Ukiuza, fungu moja katika matano ni lako. Nimesema fungu."

Stambuli aliteremka nalo hadi barabara ya pili, jua likiwa utosini. Kwenye kona palikuwa na muuza vifuniko vya simu, ana kivuli kizuri na nafasi ya mtu mmoja pembeni.

"Kaka, huna sehemu nitue, hata pembeni?"

Muuza vifuniko alilitazama beseni, kisha mlango wake. "Mdogo wangu, mjini sehemu ni mali."

Stambuli hakubisha. Alikuwa na ushahidi.