Michoro ya Marehemu Gordon

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Asif, mwenye kampuni yetu ya masomo ya mtandaoni, ametangaza: kati yangu na Lorine, mmoja ataajiriwa rasmi wiki ijayo. Mwingine aende nyumbani. Kwangu nyumbani ni mtaa wa Manyatta, kwa mama, ambaye ameshatangaza kanisani kwamba nimeajiriwa!

Tumepewa somo la viungo vya samaki. Lorine amenunua samaki mzima sokoni, ngege, anamchora mezani. Ofisi yote inanuka. Mimi sichori. Mimi hutafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Michoro safi ya mwalimu mmoja wa Bondo, Gordon Ondiek, kwenye ukurasa wake. Chini ameandika kwamba asiichukue mtu bila ruhusa. Nikataka kuufunga ukurasa. Kisha nikaona bango la mazishi: uso wake mkubwa, mishumaa pembeni. Maskini! Nikamwombea. Kisha nikalikata jina lake, kwa uangalifu na heshima. Marehemu hatoi ruhusa, lakini pia hakatazi.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Asif ameisifu michoro mbele ya wote na kuiweka mtandaoni papo hapo. Alipouliza nani kachora, nikakohoa kwa unyenyekevu. Lorine akasema ajabu, juzi nilishindwa kupiga mstari kwa rula.

Nikamuuliza, kama mfano tu, mwenye kazi akifa inakuwaje. Akasema haki inabaki kwa familia miaka hamsini. Hamsini! Na kwetu watu hugombania mpaka wa shamba hata miaka mia. Sikula mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Marehemu amekuja ofisini. Mzima! Na mwavuli!

Nilishika meza. Nikamwambia Mzee, pole, niliona bango lako. Akasema aliyekufa ni shemeji yake. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na picha ya mwenyekiti ilitoka kubwa kuliko ya maiti kwa sababu mwenyekiti ndiye aliyelitengeneza bango. Akauliza kama huwa nasoma au naangalia mishumaa tu. Lorine alicheka hadi akaegemea ukuta.

Mzee hakucheka. Alisema wanafunzi wake wameiona michoro kwetu bila jina lake. Sasa wanadhani aliinakili kwetu, wanamwita mwizi, darasani, mbele ya uso wake. Hapo kicheko kikakatika. Bwana Asif akamwita Baba, akaomba radhi, kisha akanitazama kama mifupa iliyobaki sahanini.

Jumatatu, 10 Machi

Lorine ameajiriwa. Mzee Gordon atatuchorea, jina lake likiwa juu. Mimi nimepewa wiki moja kama nafasi ya mwisho, na kazi moja: niandae somo fupi la kuwafundisha walimu kuheshimu jasho la wengine. Likiwa baya, niondoke. Mama bado anapongezwa kanisani.

Asubuhi nzima sikupata hata sentensi. Mchana nimelipata somo lenyewe mtandaoni, zuri, limekamilika, la mwalimu fulani wa Mwanza. Mwanza ni ng'ambo kabisa ya ziwa, nchi nyingine.

Nimeanza kwa kufuta jina.